Marando ya Mama Nyanjige

Dada yangu Justina anazijua jeni kama mimi ninavyowajua ng'ombe wangu. Lakini shambani, jamani, alitutia hasara. Nitasema tu, si ni dada yangu?

Anafanya kazi kwenye maabara moja Mwanza. Mwaka ule wa ukame alikuja kwetu Ipililo kuchukua viazi vitamu vya mama yetu, Nyanjige, vile vyekundu. Matobolwa yake, yaani viazi hivyo vikishachemshwa na kukaushwa juani, tulikuwa tunaibiana sisi wenyewe. Justina alisema utamu ule ni kazi ya kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari kiazi kikiiva. Angeinakili jeni yake, aibadilishe kidogo kidogo, aipandikize kwenye bakteria, aone kimeng'enya kinatoka kingi au kidogo. Mama akacheka sana. Akamkatia marando, yale mashina ya kupanda, yote ya tuta la kisimani, maana kwetu mbegu hanyimwi mtu.

Justina akayasaga yote maabara ili atoe jeni. Alijua mama amebakiza. Mama naye alijua mwanawe atapanda mengine. Kumbe hakuna aliyebakiza! Jua likamaliza yaliyosalia kijiji kizima.

Mama alipougua hakutaka uji wala chai. Alitaka matobolwa ya viazi vile, basi.

"Luhende," Justina alinililia kwenye simu, "jeni ninayo kwenye friza, vichupa arobaini, na sina hata shina moja la kupanda!"

Nilimfokea, Mungu anisamehe. Mama wala hakukasirika. "Niliwapa wengi," alisema. "Mwambie akaombe."

Justina akachukua likizo, akazunguka nyumba kwa nyumba. Siku ya tano, kule Binza, kwa Elizabeth fundi cherehani, akakuta shina nyuma ya bafu, linaishi kwa maji ya kuogea. "Nyanjige alinipa nilipoolewa," Elizabeth alisema, akamkatia nusu.

Tukapanda. Kila asubuhi tulimtoa mama nje ayaangalie. Alifariki majani yameshafunika tuta, wiki tatu kabla ya kuchimba.

Tulichimba siku ya kumaliza msiba, tukachemsha. Justina alionja kimoja, akakaa chini palepale. "Ndicho," alisema. Nami nikaonja, nikamwona mama anatufukuza na mwiko uani, nikalia kama mtoto.

Kisha Justina akashika panga. Kila aliyekuja kutupa pole aliondoka na fungu la marando, hata wasiolima. Jioni tuta lilikuwa jeupe.

"We Justina, fungu lako liko wapi?" nilimuuliza.

"Sijabakiza," alisema. "Nikikosa, nitakuja kuomba."