Chumba Kilichofungukia Bwawani

Mke wangu ni muuguzi Tanga. Mwaka huo alichaguliwa kuhudhuria semina ya wauguzi huko Kikambala, ng'ambo ya mpaka, na waandaaji wakatulipia chumba katika hoteli kubwa ya ufukweni. Familia ziliruhusiwa. Mimi ni mwalimu na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo tukafunga safari sote: sisi wawili, binti yetu wa miaka minne, na mdogo wake ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejua kutembea.

Chumba kilikuwa cha chini. Kilikuwa na mlango wa kioo wa kusukuma, na nje yake kibaraza chenye viti viwili, halafu bwawa la kuogelea. Hapakuwa na uzio. Mke wangu alisimama kibarazani akavuta pumzi, akasema, "Pazuri, jamani!" Mimi niliyaona maji tu.

Nilikwenda mapokezi kuomba chumba kingine. Dada aliyekuwa zamu alinisikiliza kwa adabu, akanipandisha ghorofani kunionyesha kilichobaki. Vyuma vya roshani yake vilikuwa vimeachana kiasi cha mtoto kupenya bila taabu. Nikamshukuru nikarudi chini.

Basi asubuhi mke wangu akenda zake ukumbini na kitambulisho shingoni, nami nikabaki na watoto. Kila nilipotaka kwenda chooni, nilisukuma kiti cha mbao nikakiegemeza kwenye mlango wa kioo. Mdogo alikipenda kile kioo. Alikuwa akikipiga kwa viganja na kucheka, na kila alipokipiga moyo wangu uliruka. Nikiwasha kiyoyozi, wanakohoa. Nikikizima, wanalia joto. Wageni wengine walikuwa wamelala juani na vitabu vyao, na mtoto wangu akipiga kelele waliinua macho kidogo, kisha wakayarudisha.

Binti yangu hakuwaelewa watu hao. Sisi tumemfundisha kuamkia wakubwa, kwa hiyo wakati wa chai alikuwa akipita meza kwa meza. "Shikamoo." Hakuna jibu. "Shikamoo." Mzee mmoja wa Kizungu alidhani anaomba kitu, akamwekea kipande cha nanasi mkononi. Alirudi kwangu amekishika mbali na gauni lake.

"Baba, nimemwamkia, kanipa nanasi. Mbona haitikii?"

"Hajui, mwanangu. Kula."

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, mdogo alinisinzilia kifuani. Nilikuwa nimelala chali kitandani, kiti nimekiegemeza mlangoni, dada yake ananisimulia habari za kaa aliyemwona. Nilikuwa namsikia. Kisha nikawa simsikii. Nilipofumbua macho, kiti kilikuwa kimesogezwa pembeni na mlango wa kioo uko wazi.

Sijui nilimwekaje yule mdogo begani. Nilikimbia hadi ukingoni mwa bwawa nikatazama chini. Maji yalikuwa meupe, vigae vinaonekana kimoja kimoja, na hapakuwa na kitu. Nikazunguka, nikatazama tena pale pale, kana kwamba macho yangu yamenidanganya. Nikaanza kuita kwa sauti iliyowaamsha waliolala. Bawabu alikuja mbio, akaniuliza nguo alizovaa, nami nilishindwa kukumbuka rangi ya gauni nililomvika mwenyewe.

Bawabu ndiye aliyempata binti yangu. Alikuwa kwa dobi, nyuma ya jiko, amekaa juu ya rundo la mataulo, anakunja vitambaa vya meza pamoja na mama mmoja wa makamo aliyejifunga leso kiunoni.

"Kwa nini hukumrudisha?" nilimfokea yule mama kabla hata ya salamu. "Mtoto wa watu unamchukua tu?"

Akasimama. "Sikumchukua, baba. Alipita hapa, akaniamkia, nami nikamwitikia. Akaingia. Nilimuuliza babako yuko wapi, akasema amelala, anajua. Nikasema nimalize hivi viwili nimrudishe."

"Aliitikia, baba," binti yangu akasema. "Yeye anajua."

Nilimwomba yule mama radhi, naye akasema hapana neno, lakini hakuketi tena mpaka tulipotoka.

Jioni nilimweleza mke wangu yote. Alivua kitambulisho, akaketi sakafuni, akampakata binti yetu, asimwachie.

"Kesho siendi," akasema.

"Nenda," nikamwambia. Nilisema hivyo huku nikiomba abaki.

Alikwenda, lakini alimbeba mdogo mgongoni kwa kanga, akaingia naye ukumbini mbele ya wauguzi wenzake na wakubwa wao. Nikasikia baadaye kwamba alisimama hivyo hivyo kusoma taarifa yake, mtoto akimvuta hereni.

Mimi na binti yangu tulishuka baharini. Maji yalikuwa yamekupwa, yameacha mchanga mtupu hadi mbali, na vidimbwi visivyofika hata magotini mwake. Alitaka kukimbilia kila kidimbwi. Nikawa nakwenda naye, huku na huku, viatu mkononi, shati limeniganda mgongoni.

"Baba, unaniumiza mkono," akasema.

Nililegeza vidole kidogo. Sikumwachia.