Ndoo Moja Kwenye Udongo Mweusi

Jina la Chapuchapu alipewa na mkewe, siku alipokunywa chai amesimama mlangoni, kofia kichwani, huku akiilaumu chai kwa kuwa ya moto. Ni fundi wa mashimo ya maji taka, kazi ambayo watu huikumbuka pale tu mambo yanapoharibika. Mikono yake ni mizuri. Tatizo ni makalio, hayajawahi kuelewana na kiti.

Tangu mvua ianze, hali ilizidi. Ataketi, atainuka, atachungulia dirishani, atarudi, atainuka tena.

"Una nini wewe?" mkewe alimuuliza. "Utanitoboa sakafu."

"Sina kitu."

"Basi kaa."

Alikuwa nacho, tena kizito. Wakati wa kiangazi, dada yake alijenga nyumba ndogo ili aishi na mama yao, ambaye magoti yake yalikuwa yamegoma na hakuweza tena kuchuchumaa kwenye choo cha nje. Nyumba nzima ilijengwa kwa ajili ya choo cha ndani, cha kukalia, karibu na kitanda cha mama. Kazi ya shimo akapewa Chapuchapu. Nani mwingine?

Kiwanja kilikuwa cha udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao jua likiukausha hupasuka nyufa za kumeza mkono mzima. Alichimba kishimo cha kupimia kama udongo unanyonya maji, akamwaga ndoo moja ya maji. Maji yakatoweka kabla hajashusha ndoo. "Udongo huu una kiu kweli!" alisema, akachimba shimo lenyewe na kuanza kupanga mawe.

Sasa, udongo wa namna hiyo haupimwi hivyo, na kila fundi wa kazi hiyo anajua. Unaumwagia maji, unauacha ulale nayo, uvimbe, nyufa zizibike, halafu kesho yake unamwaga tena ndipo unafungua mdomo wako kusema lolote. Chapuchapu alijua vizuri sana. Ila kulikuwa na kazi nyingine inamsubiri, na kesho ilikuwa mbali mno kwa mtu kama yeye.

Asubuhi moja uvumilivu ulimwishia. Akabeba sululu, sepetu na ndoo, akaenda kwa dada yake kwenye mvua.

Dada alikuwa amepiga magoti akikausha sakafu kwa tambara. Juu ya mlango ukuta ulikuwa umeshapasuka, maana udongo ukivimba hauinui shimo peke yake.

"Afadhali umekuja," dada alisema. "Choo kinarudisha maji. Na mama hajatia kitu mdomoni tangu jana, hata tone."

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, midomo imekauka.

"Mimi ndiye nimelijaza hilo shimo," alisema kwa sauti ndogo. "Mmenijengea choo hadi kitandani, nami nimekiharibu. Nisipokunywa, angalau halizidi kujaa."

Chapuchapu aliona aibu, aibu ya kutamani sakafu immeze. Akachutama mbele yake.

"Si wewe, mama. Ni mimi. Ilitakiwa nimwage maji, nisubiri hadi kesho yake, nimwage tena. Nilimwaga mara moja nikaridhika."

Chapuchapu hakungoja mama ajibu, akatoka mbio kutafuta mahali pa shimo jipya.

Alichimba huku, akachimba kule. Kila mahali udongo huo mweusi ulimganda kwenye viatu na kishimo kikabaki na maji yametulia tuli. Ni kwenye kona ya chini tu, nyuma ya jiko, sepetu ilipotoa udongo mwekundu wenye mchanga. Juu yake mchicha wa dada ulikuwa umestawi.

"Hapo?" dada alipiga kelele. "Nimehamisha miche mara ngapi mpaka nikapata hapo! Kwingine kote mizizi inaoza!"

"Ndiyo maana ni hapo, dada."

Dada alimtukana, matusi ya dada, yenye historia ndefu ndani yake. Kisha akakaza nguo kiunoni, akaanza kung'oa mchicha mwenyewe, akiutupa bila kuuangalia.

Kishimo kilipokwisha, Chapuchapu akamwaga ndoo. Maji yakasita, yakashuka taratibu, yakaisha. Alikimbilia ndani na matope yake, akapita juu ya sakafu iliyokaushwa, akamimina chai ya moto na kumpelekea mama.

"Kunywa, mama. Nimepata mahali. Maji yanashuka!"

Mama alipokea kikombe kwa mikono miwili. Kiu ilionekana machoni mwake. Akakifikisha mdomoni, akasita.

"Umemwaga mara ngapi?"

Chapuchapu alitazama mlango, akatazama viatu vyake.

"Mara moja," alisema.

Mama akakirudisha kikombe kwenye stuli, akakifunika kwa kisahani.