Vidole Vipya vya Mjomba

Mjomba wangu hubandika stika kwenye tuktuk, nje ya nyumba yetu hapa Magogoni. Chombo chake ni blowa la moto la betri, halina waya: umbo la bastola, pumzi ya shetani. Ukilipuliza vizuri, stika inalainika na kulala kwenye kona za bodi. Ukizidisha, inajikunyata kama chapati iliyosahauliwa. Siri iko kwenye vidole: unapuliza, unagusa, unajua.

Mimi nililijua kwa kujaribu kukaushia sketi ya shule. Alinikimbiza mpaka kwa jirani. "Hili si la nguo, we jini! Utajiunguza!"

Ila Mjomba ana sukari, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Hakumwambia mtu.

Jumamosi moja nikasikia harufu. "Mjomba, wachoma mishikaki?"

"Mishikaki ya wapi?"

Alikuwa amezima blowa, na kidole chake kimelalia mdomo wa chuma wa blowa, ambao bado ulikuwa wa moto. Hakuruka wala hakupiga kelele. Aliangalia nilipokuwa naangalia, ndipo akakiondoa polepole, kama mtu aliyekutwa na mkono kwenye mfuko wa mwenziwe. Utani wote ukanikauka.

Nikakimwagilia kidole maji ya baridi, kata baada ya kata.

"Usimwambie mamako," akasema. "Ataniachisha kazi. Nikae hapa nihesabu tuktuk zikipita?"

"Namwambia. Na zahanati twaenda sasa hivi. Lakini namwambia pia umepata vidole vipya."

"Viko wapi?"

Nikamwonyesha vyangu. "Vina wino, lakini vyasikia."

Mama alinuna siku nzima, kisha akakubali kwa sharti moja: nisipokuwepo, blowa halishikwi.

Basi nikitoka shule nabadilisha sare, naanza kazi. Betri nimeitoa, nasugua vumbi kwenye matundu ya hewa kwa mswaki wa zamani. Mjomba anavaa glavu, anapuliza huku akilitembeza, halitulii mahali pamoja. Akilisogeza pembeni, nagusa stika.

"Vipi?"

"Kikombe cha chai cha bibi."

"Bado. Na sasa?"

"Kofi la mama."

"Basi, vuta!"

Tukimaliza, blowa linapuliza hewa baridi kwanza, ndipo linazimwa na kuwekwa juu ya kigae, mdomo ukiangalia juu. Betri inapoa kivulini kabla ya kwenda kwenye chaji. Mjomba husema inataka kupumzika kama mtu aliyetoka kazini. Mimi pia nimetoka kazini, ila hakuna anayenitafutia kivuli.

Juzi nikawa na haraka, nikagusa kabla hajalisogeza. Nikaruka, nikapiga ukelele mpaka paka wa jirani akakimbia. Ulikuwa wekundu kidogo tu, lakini Mjomba alinipeleka mbio bombani, akakishika kidole changu chini ya maji. Alipoona ni salama, akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

"Wacheka nini? Nimeungua!"

"Alhamdulillahi," akasema, akijifuta machozi. "Vidole vyangu vyauma tena."