Siku Nilipomuua Doto kwenye Televisheni

Chekeni tu, nimeshazoea, maana hapa Buseresere hata watoto wakinipita wananipa pole ya msiba, na mfiwa ndiye mimi na muuaji ndiye mimi.

Yalikuwa mashindano ya televisheni kule Geita mjini, mnafungiwa kwenye jumba, simu mnanyang'anywa, watazamaji wanapiga kura, na wa mwisho kubaki anaondoka na mashine ya kusaga. Mashine hiyo mimi na pacha wangu Doto tumeiota tangu tukiwa wasichana wa kutwanga (mgongo wake umeharibikia kwenye kinu), basi tukakubaliana mimi niingie, yeye aniombee kura masokoni, tukishinda ni ya wote.

Ndani nikakuta kila mtu ana machozi yake, huyu mjane, yule kafukiwa na kifusi machimboni akatolewa mzima, na kila aliyelia alibaki. Mimi na afya yangu, nilie nini? Mtangazaji aliponiuliza kuhusu familia nikasema, "Mimi ni mtoto wa pekee." Kauongo kadogo tu, ka kuombea huruma.

Akacheka. "Kulwa! Nchi nzima inajua kila Kulwa ana pacha wake Doto. Wako yuko wapi?"

Ningesema natania yangeisha. Nikasema, "Alifariki," nikalia, na cha ajabu machozi yalikuwa ya kweli kabisa, nikamwona Doto ndani ya jeneza, uchungu ukanishika mpaka nikaletewa maji. Kura zikamiminika. Nikajiambia kwenye mashindano uongo si dhambi, ni mbinu, na wiki iliyofuata nikamwongezea marehemu ugonjwa, kisha wosia (eti aliniusia nishinde).

Kumbe huku nyumbani turubai limeshafungwa, ndugu wa mbali wamefika na unga na maharage, watani wanadai kuku wao wa msiba, na mama akisema Doto ni mzima, yuko Chato anaomba kura, wanamfunika kanga: "Pole Mama Kulwa, uchungu umekuchanganya." Doto aliporudi akakuta watu wanamkimbia uani kwao. Akapanda basi la Geita.

Mlinzi wa ukumbini alipomwona akamkamata mkono. "We Kulwa, umetokaje nje? Mko hewani!" Akamsukuma hadi jukwaani, nami nimekaa pale nasimulia mazishi.

Ukumbi ukapiga yowe, mpiga picha akaiacha kamera akatoka mbio. Mtangazaji akauliza kwa sauti nyembamba, "Dada, wewe ni nani?"

"Mimi marehemu. Shikamooni." Kisha akanigeukia. "Kulwa, kaburi langu liko wapi, nikalipalilie?"

Watu walicheka mpaka viti vikaanguka, ila Doto hakucheka, macho yake yalikuwa mekundu, na hapo ndipo aibu iliponiingia, si kwa watu, kwake yeye. Nikatolewa. Watazamaji wakadai marehemu achukue nafasi yangu, akachukua, na hakulia hata mara moja, akashinda.

Mashine iko hapo karibu na stendi. Mimi ndiye ninayemimina mahindi, unga mpaka kwenye kope. Juzi nikamkumbusha, mbele ya wateja, kwamba tulikubaliana ni ya wote.

"Ningegawana na pacha wangu," akasema, "ila nasikia wewe ni mtoto wa pekee."

Nimeapa sitamuua tena mtu kwa kura. Siku hizi hata mgeni akiniuliza tu basi la Biharamulo, nampaazia sauti kuishinda mashine: "Nina pacha, anaitwa Doto, mzima kabisa!" Doto anasikia. Bado hajageuka.