Fundi Aliyeifungia Mhunze

Kabla ya kugusa simu ya mtu, fundi simu wa Kharumwa hufuta kidole gumba kwenye shati mara mbili, kwa adabu ya mtu anayekwenda kupokea komunyo. Ndiye pia mtunza seva ya mtandao wao mdogo wa kijamii, uliounganishwa na ule wa Mhunze. Wiki iliyopita jamaa mmoja wa Mhunze aliwatukana kina mama wa machimboni. Mtunza seva wa kule akapuuza, na fundi, kwa hasira, akaifungia Mhunze nzima isiwasiliane na mtandao wa Kharumwa.

Leo Mama Paskazia kamletea simu. "Binti yangu wa Mhunze simwoni humu. Nikimpigia, hapokei. Nimemkosea nini?"

Fundi akafuta kidole, akaifungulia Mhunze palepale, lakini binti, Paskazia, hakurudi kwenye orodha ya marafiki wa mama yake. Kufungia kulikuwa kumekata urafiki wote wa pande mbili, na kufungulia hakukuunga hata mmoja.

"Itabidi umwombe urafiki upya, mayu."

"Nimwombe mwanangu?" Mama akaichukua simu yake. "Na kule kwake inaonekana nani kamwacha mwenzake?"

Fundi akafuta tena kidole, ingawa simu ilikwisha kurudi mkononi mwa mwenyewe.

"Wewe, mayu."