Feni ya Baba Ndani ya Kombi

Baba aliposhindwa kulala chali, alikataa pia kukaa ndani ya nyumba. Alisema kuta zinamnyima pumzi. Alikuwa amechoronga miamba chini ya ardhi, kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita, tangu sijazaliwa mpaka mgodi ukafungwa, na vumbi la mawe likabaki kifuani mwake. Siku hizo tulikuwa tunaishi Runzewe. Kaka yangu alikuwa na Kombi kuukuu. Akang'oa viti vya nyuma, tukaweka godoro na kiti cha kuegemea, baba akahamia humo. Mlango wa ubavuni ulibaki wazi mchana kutwa.

Kilichomsaidia kidogo ni upepo usoni. Nilimpepea kwa kipande cha boksi mpaka mikono ikafa ganzi. Nikiacha tu, midomo yake ilibadilika rangi.

Padre mmoja aliyekuwa anarudi kwao alituonea huruma, akatuachia paneli ya sola aliyokuwa akiendeshea redio. Kaka akapata feni ndogo kutoka kwenye lori bovu. Alitandika vipande vya tairi juu ya paa la Kombi, akaifunga paneli kwa mipira ya tyubu, akapitisha waya dirishani hadi kwenye betri. Mimi nilimshikia waya, mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Feni ikazunguka. Baba akafumba macho, akainua kidevu kama mtu anayenyolewa.

"Mayu," alisema. Wazee wa kwetu huwaita hivyo binti zao, yaani mama. "Mayu, pumzika sasa."

Lakini paneli ilitaka jua, na baba alitaka kivuli. Gari likikaa juani, bati lilimchoma kama yuko ndani ya tanuri. Likikaa chini ya mti, feni ilizubaa. Tukaishusha paneli, tukaunga waya mrefu, nikawa naigeuza chini kufuata jua. Hapo tena nguvu ilipungua, maana waya wenyewe ulikuwa wa kuungaunga.

Alipozidiwa tukaamua kumpeleka Kolandoto, kwenye hospitali ya misheni. Dinamo ya Kombi ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo betri ileile ya feni ndiyo iliyokuwa inaendesha injini. Tulitembea kidogo, tukasimama, tukaianika paneli ili betri ijae, tukatembea tena. Baba alikuwa anatutazama tu.

Tulipopita Kahama tukasimama kwenye mbuga, chini ya mgunga. Nilikuwa namnywesha baba uji niliposikia kengele za ng'ombe. Kundi zima lilikuwa linakwenda kunywa maji. Nilikimbia nikipiga kelele, nikachelewa. Dume moja lilikuwa limekwishakanyaga katikati ya kioo cha paneli tuliyoianika chini. Mchungaji, mtu mzima, alishika kichwa, akaomba radhi kwa Kisukuma, hata hakujua ameharibu kitu gani. Kaka alipiga magoti akawa anapangusa vumbi kwenye zile nyufa kwa shati lake, kana kwamba zingefutika.

Feni ilizunguka polepole, tukaweza kuyahesabu mapanga yake.

"Zima," baba alisema. Kila neno alilivutia pumzi. "Gari... litembee."

"Baba, utawezaje bila upepo?"

"Zima, mayu."

Nikauchomoa waya kwa mkono wangu mwenyewe. Njia nzima nilimpepea kwa boksi, na kila nikitazama uso wake niliona upepo wangu haufai kitu, haumfikii.

Tulifika. Daktari alimpima palepale ndani ya gari kwa kuwa baba alikataa kuingia wodini. Alisikiliza kifua muda mrefu, halafu akatuita pembeni. "Mapafu yamekuwa magumu kama jiwe," alisema kwa upole. "Hakuna dawa ya kuyalainisha. Msimtese kwa safari nyingine."

Tuliporudi garini baba aliuliza, "Amesema nini?"

Kaka akasema, "Amesema utapona."

Baba alimtazama, kisha akageuzia uso mlangoni, kulikokuwa na mwanga. Kesho yake, jua likiwa limepanda vizuri, alikufa ameketi. Kaka alikwenda akakaa kwenye usukani. Nilimwuliza tutamrudishaje nyumbani. Akaugeuza ufunguo, akasikiliza kama betri bado ina nguvu.