Magharibi ya Iringa, Magharibi ya Mbeya

Mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani, bosi wangu alinipa kazi niliyodhani ni ya asubuhi moja. Ofisi yetu ndogo ya utalii iko Mbeya mjini, na alitaka ukurasa mmoja wa kulinganisha milima ya kwetu na ya Iringa: wapi mgeni apande, wapi apumzike, na saa zinakwendaje. Hilo la saa lilimkera kwa sababu wageni wetu kutoka Zambia walikuwa wamekosa basi. Walivuka mpaka bila kusogeza saa zao mbele.

Nikaandika kwamba Mbeya na Iringa saa ni moja. Nikafuta. Baba yangu alikuwa akiishi Kihesa, pale Iringa, peke yake tangu mama afariki, na huko jua huzama kabla ya Mbeya, kama dakika kumi hivi. Kila jioni alinipigia akiwa ameshafuturu.

"Sisi tumeshakunywa uji," alikuwa akisema. "Nyie endeleeni kusubiri."

Katikati ya mfungo, jioni moja hakupiga. Nilisubiri mpaka adhana ya Mbeya, nikala tende moja, nikapiga mimi. Simu haipatikani. Nikazunguka chumba, nikafungua mlango, nikaufunga. Kulipokucha nikampata jirani yake, akaniambia mzee aliondoka jana na begi, akiaga kwamba anakwenda Igowole, kule Mufindi, mkoa uleule wa Iringa. Kufanya nini, hakusema.

Nikapanda basi la kwanza. Makambako abiria waliposhuka, mimi nilibaki kwenye kiti nikipiga namba ileile. Nilishuka Mafinga, nikapata gari la Igowole. Milima ya Mufindi haina kilele cha kumtisha mtu. Ni chai tupu inayopanda na kushuka, misonobari, na ukungu usioamua kuondoka. Ofisini nilikuwa nimewasifia wageni mahali hapo mara nyingi, kumbe sijawahi kufika. Na siku hiyo sikuona uzuri wowote. Kichwani nilikuwa nikipanga nitawaambiaje ndugu.

Nilimkuta sokoni, ndani ya koti zito, anakunja vitenge mbele ya duka la rafiki yake wa zamani. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba kama vile tulikuwa wote asubuhi. Simu imeisha chaji, akaeleza, na umeme umekatika tangu jana. Kisha akanionyesha kona ya soko ambako yeye na mama walianza, wakiwauzia vitenge wachuma chai, kabla sijazaliwa.

Nilikasirika. Nikamwambia twende Mbeya, chumba kipo. Nikaanza kumsifia Mlima Rungwe, ziwa la Ngosi, ndizi za Tukuyu, kama vile naye ni mgeni aliyeingia ofisini kwetu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Ni pazuri, mwanangu," akasema. "Ila magharibi ikiingia, ile nyumba ya Kihesa inanishinda. Kwako utakuwa kazini, nami nitakaa vilevile. Hapa kuna mtu wa kuniuliza nimekula nini."

Jioni tulifuturu kwa rafiki yake, viazi na chai ya tangawizi, na baba alicheka kuliko nilivyomsikia mwaka mzima. Nilifurahi, na nikaona wivu pia.

Ule ukurasa niliuandika ndani ya basi la kurudi. Nilisema Mbeya ni ya mwenye miguu ya kupanda, Mufindi ni ya anayetaka kukaa. Bosi akaona nimeipendelea Iringa, akakata nusu. Sikubishana naye.

Baada ya Idi baba aliweka wapangaji Kihesa, akabaki Igowole na vitenge vyake. Mimi bado niko Mbeya, kama naweza kusema niko. Kila baada ya wiki mbili nafunga begi. Nikifika kwake, siku ya pili tu naanza kuulizia magari ya kurudi, naye hunisindikiza stendi, amenibebea begi, bila kuniuliza kwa nini situlii.